Ubuntu haitoi sauti? Kagua haya kabla ya kumlipa fundi

Ukipata kompyuta iliyotumika, huenda ukaikuta na Ubuntu badala ya Windows. Ubuntu ni mfumo wa bure wa familia ya Linux, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Kwa anayesoma kwa video au kuongea na ndugu walio mbali, kompyuta isiyo na sauti ni hasara. Lakini kabla ya kuitoa Nabuyonga na kuipeleka kwa fundi mjini Mbale, jua kwamba mara nyingi sauti haijaharibika: imezimwa, au inapelekwa mahali pengine.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Hatua 1 hadi 4 hazihitaji pesa wala intaneti.

1. Kagua vitu vya nje
Chomoa spika za masikioni na waya wa televisheni, kisha zima Bluetooth. Tundu likiwa na vumbi, kompyuta inaweza kudhani spika za masikioni bado zimechomekwa. Zichomeke na kuzichomoa mara mbili au tatu. Jaribu pia video nyingine.

2. Chagua njia ya sauti
Fungua "Settings", kisha "Sound". Kwenye "Output Device" chagua spika za kompyuta, ongeza sauti, bonyeza "Test". Ukiona "Dummy Output" peke yake, mfumo haujaiona kadi ya sauti. Nenda hatua ya 4.

3. Ondoa kizuizi
Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika alsamixer, bonyeza Enter. Bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Penye MM pamezimwa: bonyeza M kuwasha, na mshale wa juu kuongeza. Toka kwa Esc.

4. Anzisha sauti upya
Katika dirisha lilelile andika:
systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber
Kwa Ubuntu 22.04 au ya zamani zaidi, andika: pulseaudio -k
Usitangulize neno sudo. Ikishindikana, zima kompyuta kabisa, kisha uiwashe.

5. Jaribu kwa flashi
Omba flashi yenye Ubuntu, washa kompyuta kupitia flashi hiyo na uchague "Try Ubuntu", si kusakinisha. Sauti ikitoka, spika ni nzima. Tatizo ni mipangilio ya mfumo wako. Isipotoka, jaribu spika za masikioni za USB, kwa kuwa zina kadi yake ya sauti.

Ukilazimika kwenda kwa fundi
Mweleze hatua ulizokwisha kujaribu, ili usilipie kazi uliyoifanya mwenyewe. Akisema lazima asakinishe mfumo upya, kwanza nakili vyeti, picha na nyaraka zako kwenye flashi nyingine. Sauti inaweza kurudi; faili zilizofutwa huenda zisirudi.