Ntumba ya Wafipa na Haki ya Kuulizwa

Ndugu mkulima unayekaa Kizwite na kwenda kulima nje ya mji, nawe wa Matai, Laela au Namanyere, leo tuache kidogo habari za mbegu, tuongee habari za zamani. Zina kazi mpaka msimu huu.

Uwanda wetu wa Ufipa ni wa nyasi, miti si mingi. Majirani wa upande wa Zambia walikata matawi, wakayachoma, wakapanda ulezi kwenye majivu. Mfipa hakuwa na miti ya kuchezea namna hiyo, basi akatumia nyasi. Mvua zinapoelekea mwisho, ardhi ikiwa bado laini, mkulima hukata udongo pamoja na nyasi zake, akageuza nyasi ziingie ndani, akarundika kilima cha duara. Hiyo ndiyo ntumba. Nyasi huoza humo ndani, na juu hupandwa maharage. Msimu unaofuata ntumba hutawanywa, udongo ule mweusi ukapokea ulezi. Mvua kubwa ikipiga, maji hayapati njia ya kukimbia; yanazunguka katikati ya vilima na kuzama taratibu. Hata jembe zamani lilikuwa la huku huku, chuma kikiyeyushwa katika matanuru marefu yaliyoitwa malungu. (Mkaa wa matanuru hayo nao ulikula miti, tusijifiche.) Hakuna bwana shamba aliyefundisha ntumba. Nasema hivyo nami nikiwa bwana shamba.

Sasa twende Morogoro, uone mambo yanavyokuwa mkulima asipoulizwa. Miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza, serikali iliona udongo wa milima ya Uluguru unachukuliwa na maji. Hilo lilikuwa kweli. Dawa yake ikawa amri: watu wachimbe matuta ya ngazi. Lakini udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unaleta juu udongo usiozaa. Waluguru walilisema hilo, hawakusikilizwa. Julai 1955 watu wakakusanyika kupinga, kukawa na ghasia huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Huku kwetu mambo yalikuja kwa upole zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, mbolea ya chumvichumvi ikapunguzwa bei, na Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne mikuu ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Pesa ilionekana, siwezi kukataa. Wataalamu walionitangulia wakahimiza mahindi, na wengi wakaanza kuiona ntumba kama ushamba. Miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa. Mkulima akabaki na ardhi iliyozoea mfuko, na mfuko wenyewe haununuliki. Ruzuku imerudi baadaye kwa mitindo mingine, lakini somo la miaka ile mnalikumbuka wenyewe.

Na sasa kuna hili la hali ya hewa. Joto la dunia limepanda kwa moshi wa makaa ya mawe, petroli na gesi, na Afrika nzima haifikishi sehemu 1 kati ya 20 ya moshi huo. Mwaka 2022, mkutano wa mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, ulikubali kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zinazopata hasara. Fedha za namna hiyo ni haki yetu, si sadaka. Lakini zikifika zitakuja na mradi, na mradi utakuja na masharti yake. Hapo ndipo ukumbuke Matombo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mpango wa matumizi yake hupitishwa na mkutano mkuu. Mtu wa Kizwite, wewe uko ndani ya manispaa, una mkutano wa mtaa wako; shamba lako likiwa kijijini, mambo yake yanaamuliwa kule. Kama huna kura kule, jirani wa shamba lako anayo. Ongea naye kabla ya siku ya mkutano. Mwambieni mwenye mradi aeleze udongo huu aliupima lini, nani atachimba, nani atalipwa, na ntumba ameiweka wapi katika mpango wake. Kisha ombeni majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.