Pesa Mbili, Si Mbili Pesa

Mwaka 1893, Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, posta yao ilianza kuuza stempu zilizoletwa kutoka Ujerumani zikiwa na thamani ya pfennig, na juu yake zimepigwa chapa mpya: 2 PESA, 3 PESA, 5 PESA. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Neno lilikuwa letu, ijapokuwa asili yake Bara Hindi. Mpango wa maneno haukuwa wetu. Ni nani pwani hii aliyepata kusema "mbili pesa"? Kwetu jina hutangulia, hesabu ikafuata.

Zikaja mwaka 1901 stempu zenye picha ya merikebu ya Kaisari. Humo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Pesa ziliachwa vilevile, mbili au arubaini. Lakini rupia zilipozidi moja, Mjerumani aliongeza herufi akaandika 3 Rupien. Wapoland wana mzigo mkubwa zaidi: sarafu yao ya moja ni grosz, ya mbili ni grosze, ya tano ni groszy. Stempu zao nyingi hujiokoa kwa kufupisha, gr basi.

Kiswahili hakikuhitaji ufupisho. Pesa, rupia, senti, shilingi, hata heller iliyoingia katika stempu mwaka 1905 ikageuka hela, zote zimetiwa katika ngeli isiyobadili umbo la jina. Wingi hukaa kwingine: shilingi imepotea, shilingi zimepotea. Sarafu haina kitenzi, kwa hiyo haisemi. Anayetamka "mapesa" au "mashilingi" haongezi hesabu tu. Ana kejeli, au ameona lundo. (Thumni nayo, ile thumuni ya reale yenye thamani ya shilingi nne, ilibaki vinywani ingawa sarafu yenyewe iliandikwa senti hamsini.)

Mwaka 1966 Tanzania ilipotoa sarafu zake, ziliandikwa SHILINGI MOJA, SENTI HAMSINI. Wengi hukumbuka sura ya Rais wa kwanza na mwenge upande wa pili. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa ule mpango: kwa mara ya kwanza fedha ya nchi ilisomeka kama inavyosemwa. Stempu zilichelewa. Zile za Tanganyika za mwaka 1961 zilibeba neno UHURU kwa herufi kubwa, ilhali thamani yake iliandikwa 1/30, hesabu ya Kiingereza yenye mkwaju wake.

Mkwaju huo haujatoka. Ingia Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lililolainishwa na ndimi za wenyeji. Bei zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya vipande vya boksi: 2,000/=, 10,000/=. Tarakimu mbele, alama nyuma. Lakini lugha ya wachuuzi hufuata sheria ya kale bila kufundishwa. Elfu moja ni buku, mia tano ni jero, na noti nyekundu ya elfu kumi ni msimbazi. Neno buku lina umri mdogo, tena la mtaani, na bado halikusalimika na ngeli: hakuna asemaye "mabuku mawili". Mchuuzi huandika 2,000/=, akainua sauti: "Buku mbili! Buku mbili!"