Uliberali asilia na soko la mahindi Eldoret

Uliberali asilia ni falsafa inayotetea uhuru wa mtu, mali binafsi, biashara huria na serikali inayobanwa na sheria. Adam Smith aliijengea hoja za kiuchumi mwaka 1776. Eldoret, mji wa wakulima wa Uasin Gishu, uliionja kupitia mahindi. Kabla ya soko kufunguliwa mwishoni mwa 1993, kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na bei ilipangwa na serikali. Sasa mkulima humuuzia amtakaye. Lakini mavuno yakijaa, wakulima haohao huidai Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao inunue kwa bei nzuri gunia la kilo 90, na wana sababu: asiye na ghala wala mashine ya kukaushia, huku karo ikidaiwa, hukubali bei ya dalali aliyefika shambani na lori.