Kila "Kama" Ina Mwenyewe: Historia Fupi ya Ruhusa za Kubadilishana Wachezaji NBA

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, twende uwanjani. Msihofu, tutarudi kwenye programu kabla sijamaliza.

Mimi ni mpenzi wa mpira wa kikapu wa Marekani. Wikendi moja niliamua kuandika programu ndogo: unaipa wachezaji wa timu mbili pamoja na mishahara yao, nayo inakujibu kama timu hizo zinaruhusiwa kubadilishana. Nilikisia mistari ishirini. Jumapili usiku nilikuwa nimepita mistari mia tatu na majibu bado yalikosea. Kila nilipodhani nimefika mwisho, sheria ilikuwa na "isipokuwa" nyingine. Basi nikaiweka kando tarakilishi, nikasoma historia.

Mwaka 1983 wenye timu za NBA walilia kwamba wanapata hasara. Chama cha wachezaji kilikubali mishahara iwekewe kikomo, na badala yake wachezaji wakahakikishiwa asilimia 53 ya mapato. Kikomo hicho kilianza msimu wa 1984-85: dola milioni 3.6 kwa timu nzima.

Mambo yangeishia hapo, programu yangu ingekuwa mstari mmoja. Lakini fikiria timu iliyomlea nyota wake hadi akakomaa, kisha ishindwe kumlipa kwa sababu ya kikomo. Ndipo ikatengenezwa ruhusa ya kwanza kubwa: timu inaweza kuvuka kikomo ili kumbakisha mchezaji wake yenyewe. Mpaka leo ruhusa hiyo inaitwa kwa jina la Larry Bird wa Boston.

Sasa, mnajua watu wakiona mlango. Mwaka 1993 Chris Dudley alitoka New Jersey akaenda Portland kwa mshahara wa dola 790,000 tu msimu wa kwanza, huku mkataba ukimruhusu kujitoa baada ya mwaka mmoja. Kwa nini? Kwa sababu baada ya mwaka huo angekuwa "mchezaji wao wenyewe", na Portland ingeweza kumlipa vizuri juu ya kikomo. Ligi ilipinga, ikashindwa. Mkataba wa mwaka 1995 ukatia kiraka: haki kamili ya Bird sasa ingehitaji misimu mitatu.

Tuje kwenye kubadilishana. Timu iliyo juu ya kikomo haiwezi kupokea mchezaji hivi hivi tu. Ni lazima itoe mishahara inayokaribiana na ile inayopokea. Chini ya mkataba wa mwaka 2005, iliruhusiwa kupokea hadi asilimia 125 ya ilichotoa, na dola 100,000 juu yake. Ukitoa milioni 10, unapokea hadi milioni 12.6. Hesabu rahisi. Lakini utafanya nini kama unamtaka nyota wa bei ghali na huna mishahara ya kutosha ya kutoa?

Jibu lilionekana Februari 2008. Los Angeles Lakers walimtaka Pau Gasol wa Memphis, na mishahara yao ikapungua kidogo. Wakamkumbuka Aaron McKie, mchezaji wao wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa akisaidia kufundisha timu ya Philadelphia. Haki zake hazikuwa zimefutwa. Wakamsajili upya ili wamtoe hapo hapo, mshahara wake ukajaza pengo. Mwezi huo huo Dallas walimtaka Jason Kidd. Mpango wao wa kwanza ulivunjika kwa sababu Devean George alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, naye akaitumia. Wakamchomoa Keith Van Horn, ambaye hakuwa amecheza tangu mwaka 2006, wakampa mkataba wa zaidi ya dola milioni 4 na kumpeleka New Jersey. Huko hakucheza hata dakika moja.

Ninyi mnaoandika programu mmeshaelewa: rekodi ya zamani ambayo hakuna aliyeifuta, siku moja ikaitwa kazini. Lakers walitwaa ubingwa 2009 na 2010, na Dallas 2011, Gasol na Kidd wakiwa ndani. Ligi nayo ikafunga mlango: tangu mkataba wa mwaka 2011, mchezaji wa kusajiliwa ili atolewe ni lazima awe alimaliza msimu uliotangulia na timu hiyo, na lazima asajiliwe kabla ya msimu kuanza.

Imebaki ruhusa iliyonitoa jasho kuliko zote. Hapa itabidi twende dukani. Umerudisha shati, na mwenye duka hataki kukurudishia pesa. Anakuandikia karatasi: utachukua bidhaa ya thamani ile ile, ndani ya mwaka mmoja. Huwezi kuchanganya karatasi mbili ukachukua koti. Ndivyo ilivyo timu ikimtoa mchezaji bila kupokea mwingine wa mshahara unaolingana naye. Pengo lile linaandikwa kama deni, na timu ina mwaka mmoja wa kulitumia.

Novemba 2020 Gordon Hayward aliondoka Boston kwenda Charlotte, na Boston wakabaki na karatasi ya dola milioni 28.5, kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa hadi wakati huo. Machi 2021 walikata kipande cha kama milioni 17 wakampata Evan Fournier wa Orlando. Miezi michache baadaye Fournier akaenda New York, nayo ikazaliwa karatasi nyingine, ya milioni 17.1. Mwaka 2022 hiyo iliisha muda wake bila kutumika. Karatasi ilizaa mtu, mtu akazaa karatasi, karatasi ikafa.

Viraka havijaisha. Mkataba wa mwaka 2023 unazikataza timu zenye matumizi makubwa zaidi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili zimpate mmoja ghali.

Nilifurahi kugundua kwamba Larry Coon, aliyewaeleza mashabiki sheria hizi kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Nani mwingine angekuwa na subira hiyo?

Nimalizie na langu. Zamani nilikabidhiwa programu ya mishahara ya kampuni moja hapa Nairobi. Ndani yake nilikuta mstari wa ajabu: kama ni mfanyakazi wa namba fulani, ongeza kiasi fulani. Hakukuwa na maelezo. Nikauona ni uchafu, nikaufuta, nikajisifu. Mwisho wa mwezi bawabu mmoja mzee alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo mkononi, akauliza kwa upole, "Kijana, kuna kosa nimefanya?" Kumbe aliumia kazini miaka iliyopita, wakubwa wakakubaliana aongezewe kitu kidogo kila mwezi, na mfumo haukuwa na mahali pa kukiandika. Pesa zake zilirudishwa, lakini mwezi ule ulikuwa wa karo.

Kwa hiyo ile programu ya NBA sikuifupisha. Niliiandika upya, na juu ya kila sharti nikaweka maelezo ya mstari mmoja: Bird, Dudley, McKie, Van Horn, Hayward. Imefika mistari mia nne na kumi. Sasa inajibu sawasawa, na atakayeirithi atajua kila "kama" ilitoka kwa nani.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nawe, kabla hujafuta mstari usiouelewa, uliza kwanza ni wa nani.