Kumbakumba wa Bafwasende na Vyombo vya Kujiundia

Kutoka Kisangani hadi Bafwasende, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni kilomita 262. Kwenye ramani, njia hiyo ni kipande cha Barabara ya Taifa namba 4: inaacha ukingo wa mto Kongo, inaingia msituni, inafika Bafwasende penye mto Lindi, kisha inaendelea Niania, Epulu, Mambasa na Komanda kabla ya kukata kusini kuelekea Beni. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 700. Katika miaka ya vita, kati ya 1998 na 2003, kuona lori likipita huko lilikuwa jambo la nadra. Kilichopita ni baiskeli zilizosheheni mzigo, zikisukumwa na wanaume waliotembea kwa miguu wiki baada ya wiki. Watu wa njia hiyo waliwaita kumbakumba.

Chombo walichokisukuma hakikuuzwa katika duka lolote. Dukani ilipatikana baiskeli ya kawaida, ya Kichina au ya Kihindi, iliyotengenezwa kumbeba mtu mmoja na kifurushi. Baiskeli ya kumbakumba ilizaliwa mara ya pili uani kwa fundi.

Kwa nini ilibidi iwe hivyo? Jibu linaanzia mbali. Wakati wa Wabelgiji, barabara ilitunzwa kwa jembe na koleo. Vijiji vingi vilihamishwa kutoka ndani ya msitu na kupangwa kando yake, na wanavijiji wakatumikishwa kufyeka nyasi, kuzibua mifereji na kufukia mashimo. Ilikuwa kazi ya shuruti, na uchungu wake haujasahaulika. Baada ya uhuru wa 1960 utaratibu ule ulivunjika, na hakuna uliokuja kuziba nafasi yake ipasavyo. Uasi wa Simba ulipita hapo mwaka 1964. Novemba 1973 Rais Mobutu akataifisha biashara za wageni, na wafanyabiashara wengi waliokuwa wakimiliki malori, maghala na mashamba ya kahawa wakaondoka. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na 1993, ambamo wanajeshi wasiolipwa walifagia maduka ya miji mikubwa. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani, katikati ya raia. Kufikia hapo barabara ya Bafwasende ilikuwa imerudi kuwa njia ya mguu. Katika msitu wa mvua, mwaka mmoja bila mfereji unatosha kugeuza barabara kuwa kijito.

Ndipo fundi alipoingia. Kwanza aliimarisha uma wa mbele, sehemu inayovunjika mapema mzigo ukizidi, kwa kuufunga vyuma vya ziada kila upande. Karia ya nyuma aliitupa, akaweka nyingine ndefu na pana, ya nondo. Pedali zilikuwa kikwazo tu kwa mtu ambaye hapandi, kwa hiyo mara nyingi ziling'olewa. Kisha vikaja vijiti viwili, na hapa ndipo akili ya chombo hiki ilipo. Kimoja kilifungwa kwenye usukani na kurefushwa upande wa kushoto, ili msukumaji aongoze gurudumu akiwa nyuma, mbali na mzigo. Cha pili kilisimamishwa nyuma ya kiti kama mlingoti. Hicho ndicho alichokishika kwa mkono wa kulia na kukiegemea kwa nguvu zake zote. Kamba ilikuwa mpira wa ndani wa tairi kuukuu, uliokatwa vipande virefu, kwa sababu hushika bila kulegea na hauozi kwa mvua. Breki mteremkoni ilikuwa mwili wa mtu mwenyewe, akivuta mlingoti kinyume huku visigino vimekita ardhini.

Hakuna mchoro wa uhandisi uliotumika. Vipimo vilihifadhiwa mikononi, na kila safari ilikuwa jaribio. Chuma kilichopinda katika tope la Bafwasende kilirudishwa kwa fundi, naye akajua safari ijayo aongeze unene wapi. Hivyo ndivyo uhandisi unavyofanyika popote duniani, na ni dhuluma kuiita kazi hii ubahatishaji.

Mzigo mkuu wa kwenda mashariki ulikuwa mafuta ya mawese, madumu ya lita 20 yakiwa yamening'inizwa pande zote mbili. Madumu sita tu ni lita 120, uzito unaomshinda mtu yeyote kubeba kichwani. Kurudi, baiskeli ilileta chumvi, sabuni, vitenge, sukari na betri. Kwa familia nyingi za vijiji vya barabarani, chumvi ya miaka ile ilifika kwa gurudumu la kumbakumba au haikufika kabisa. Ndani ya Kisangani kwenyewe baiskeli ilifanya kazi ya teksi: toleka, yenye mto wa kukalia nyuma, ilimpeleka mwanafunzi chuoni, mama sokoni na mgonjwa hospitalini.

Kusini, upande wa Goma, ndugu wa baiskeli ya kumbakumba ni chukudu. Huyu hana hata baiskeli ya kuanzia. Ni skuta ya mbao tupu, iliyoanza kuonekana Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, mbao zake nyingi zikiwa za mkaratusi, magurudumu yamechongwa kwa panga na kuvishwa mpira wa tairi la gari. Kubwa hubeba mamia ya kilo: viazi, kabichi na makaa yanayoshuka kutoka vilima vya Rutshuru na Masisi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na lava ikafunika sehemu ya mji wa Goma, chukudu zilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyobeba mbao na mabati ya kujengea upya. Mwaka 2009 Goma iliisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na Rais Joseph Kabila akaizindua. Heshima hiyo ilistahili.

Uingereza nako wapo watu wanaojijengea vyombo nyumbani. Colin Chapman alianza mwaka 1948 kwa kuliunda upya gari kuukuu la Austin 7, na mwaka 1957 kampuni yake ya Lotus ikatoa Seven, gari dogo la michezo ambalo mnunuzi aliweza kulipokea likiwa vipande na kuliunganisha mwenyewe, akikwepa kodi ya magari yaliyokamilika. Mwaka 1996 mwalimu Ron Champion alichapisha kitabu cha kuonyesha namna ya kujenga gari la aina hiyo kwa pauni 250, na watu wengi wakachomelea fremu zao majumbani. Champion na fundi wa Bafwasende wanafanana kwa mengi: chuma chakavu, uvumilivu, jicho linalopima bila rula. Wanachotofautiana ni kwamba Mwingereza alikuwa na kitabu, na wasomaji wake wakamfuata hatua kwa hatua. Maarifa ya kumbakumba hayajapata bahati hiyo.

Na muda unakwenda. Baada ya vita barabara ilifunguliwa upya, malori yakarudi, na pikipiki za Kichina zikachukua abiria wa toleka na sehemu kubwa ya mizigo. Vijana wa leo wanajifunza kufungua kabureta, si kufunga mlingoti. Waliosukuma mawese hadi Beni wakiwa na umri wa miaka 20 sasa wana zaidi ya 40, na mafundi wao ni wazee. Chuo Kikuu cha Kisangani kiko karibu, na shule za ufundi za mkoa wa Tshopo zina wanafunzi wanaoweza kupima uma, karia na vijiti na kuvichora kwenye karatasi. Jumba la Makumbusho la Taifa lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 lina nafasi ya kutosha kwa baiskeli moja ya kumbakumba ikiwa na madumu yake. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wenye kuijua wangali hai na wanaweza kuulizwa.