Vifupisho vya Waliosoma Nje ya Shule katika Mwambao wa Rumonge

Wanafunzi wetu wanapofika kwenye mada ya uundaji wa maneno hupewa mifano ileile kila mwaka: UKIMWI, BAKITA, TUKI ambayo tangu 2009 ni TATAKI, na ile chajio ambayo sijawahi kumsikia mtu akiila. Mifano hiyo ni sahihi. Hata hivyo, yote imetoka ng'ambo ya ziwa. Makala hii fupi inakusudia kutazama vifupisho vya upande wetu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, na hasa vile vilivyotumiwa na watu waliopata elimu yao nje ya shule za kawaida: barazani, kanisani na katika makazi ya wakimbizi. Mwalimu wa Kiswahili akivipuuza atakuwa amepuuza sehemu kubwa ya historia ya wanafunzi wake.

Kila jamii inayofundishana bila shule hujiundia msimbo wake. Wazazi wa Marekani wanaowafundisha watoto wao nyumbani huandikiana herufi CM, na wenzao huelewa papo hapo kwamba anazungumziwa Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu wa Kiingereza ambaye mbinu zake wanazifuata. Mgeni akiziona herufi hizo huachwa nje ya mlango. Kwetu mambo ni hayohayo, isipokuwa sababu za kusoma nje ya shule hazikuwa hiari ya wazazi peke yake.

Darasa la kwanza la namna hiyo mwambaoni lilikuwa chuo, yaani chuo cha Kurani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwishatangulia, na dini na lugha zikasafiri kwa mashua kutoka huko kuja huku. Mtoto wa chuoni alikutana na herufi zinazosimama peke yake mapema sana, kwa kuwa sura 29 za Kurani huanza kwa herufi zisomwazo mojamoja, kama vile alif, lam, mim. Katika vitabu alikutana na S.A.W. baada ya jina la Mtume. Chuo pia kimetupa neno tunalolitumia leo kwenye joho na kofia bila kukumbuka asili yake: kuhitimu. Kwanza lilikuwa kuukamilisha msahafu. Bibi yangu alihitimu akiwa msichana, kisha maisha yake yote akahesabiwa na serikali kuwa hajui kusoma, kwa sababu karani aliyekuwa akiuliza alimaanisha herufi nyingine.

Kwa upande wa Wakatoliki kulikuwa na Yaga Mukama. Jina hilo ni la Kirundi, na tukilifasiri kwa karibu ni "Zungumza, Bwana". Humo mtoto alifundishwa katekisimu pamoja na kusoma na kuandika Kirundi, bila Kifaransa na bila cheti cha kumpeleka sekondari. Ilikuwa elimu ya maskini, na watu waliijua hivyo. Lakini baada ya 1972 ilipata maana nyingine. Tarehe 29 Aprili mwaka huo mashambulizi yalianza katika mwambao huu, Rumonge ikiwemo, na ukandamizaji wa serikali uliofuata uliwalenga Wahutu wenye elimu kote nchini: walimu, makarani, hata wanafunzi wa sekondari. Wazazi wengi walifikia uamuzi kwamba kumpeleka mtoto shule ni kumtafutia kifo. Yaga Mukama ikabaki mahali ambapo mtoto angeweza kujua kusoma bila kuandikwa kwenye orodha ya mtu. Nayo ikafungwa katika miaka ya 1980, serikali ya Bagaza ilipogombana na Kanisa.

Kuna vifupisho viwili vya enzi hizo ambavyo havimo katika kitabu chochote cha mofolojia. Ni herufi i na herufi u. Watafiti wameandika, na waliokuwa wanafunzi wakati huo wanasimulia hadi leo, kwamba herufi hizo ziliwekwa kwenye karatasi za watoto wa shule ya msingi ili msahihishaji ajue nani ni Mtutsi na nani ni Mhutu. Nimefundisha vifupisho kwa miaka mingi na sijaona kingine kifupi kuliko hicho. Irabu moja ilitosha kubeba ukoo mzima.

Waliovuka ziwa na mpaka mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo iliyofunguliwa 1978. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na hapo ndipo walipokutana na nchi inayopenda vifupisho kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima. Mtu mzima aliyejifunza jioni chini ya mwembe alisema anasoma KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu (mgeni wa Kimarekani angeshtuka, kwani kwao herufi hizo ni za kundi la watu wabaya). Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, kwa watoto waliopitwa na umri wa kuanza shule. Yule aliyeshindwa kuingia sekondari akajisomea nyumbani kwa daftari za kuazima alisema anajiandaa kwa QT, mtihani wa kumruhusu kufanya ule wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hata namba yake ya mtihani ilimtambulisha, kwa kuwa ilianza na P wakati ya mwenzake wa shuleni ilianza na S.

Wanafunzi wa isimu watazame jinsi maneno haya yanavyoishi. UKIMWI na MEMKWA hutamkwa kama maneno kamili, yana silabi wazi, na hupokea sarufi bila ubishi: UKIMWI umeenea, mtoto wa MEMKWA. Huku kwetu vifupisho vilikuja kwa Kifaransa na vikabaki na matamshi yake. Aliyebaki Rumonge alisema SIDA, HCR na PAM. Aliyerudi kutoka Katumba alisema UKIMWI, UNHCR na WFP. Ngazi za elimu zilirithiwa kutoka kwa Wabelgiji, A2, A3, D6, D7, na muuguzi wa A2 haeleweki upande wa pili wa mpaka hata aeleze kwa Kiswahili safi kiasi gani. Hizo ni tofauti zinazoonekana, na kinachoonekana hakimdhuru mtu sana kwa sababu atauliza. Hatari iko kwenye maneno yanayofanana.

Mwaka 2009, wakati wakimbizi wa 1972 na watoto wao walipokuwa wakirudi kwa wingi, alifika nyumbani kwetu mtoto wa shangazi yangu kutoka Katumba. Alikuwa na miaka 17. Alikuwa ameanzia MEMKWA, akahamishiwa darasa la tano, na akamaliza la saba mwaka uliotangulia. Nilimpeleka katika shule moja ya sekondari kumwombea nafasi, nikawa mkalimani. Mkuu wa shule aliuliza kwa Kifaransa amefika darasa gani. Binti akajibu kwa fahari, "Nimemaliza la saba." Mimi nikafasiri: septième. Mkuu akaandika 7e kwenye karatasi na kumpangia darasa la nane.

Kila msomaji aliyekulia Burundi ameshaliona kosa langu. Nchini Tanzania la saba ni mwisho wa shule ya msingi. Kwetu, kabla ya mageuzi ya 2013, shule ya msingi iliishia darasa la sita kwa mtihani wa taifa, na 7e ilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari. Kwa neno moja nilimrusha mwaka mzima wa sekondari, mwaka ambao wenzake walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye hakuwa na hata salamu yake. Alikaa nyuma ya darasa hadi mwisho wa muhula, kisha akaniambia, "Kaka, mimi siendi tena." Hakunilaumu. Alidhani akili yake ndiyo ndogo. Mimi mwenyewe niligundua kilichotokea baada ya miaka miwili, nikiwa Dodoma kwa shahada ya uzamili, mwenzangu wa bweni aliposema kwamba mdogo wake amefeli la saba na hivyo hataenda sekondari.

Kulikuwa na hali nyingine iliyozidi kuchanganya watu. Wakimbizi waliokwenda Tanzania katika miaka ya 1990, waliokaa kambi kama Mtabila na Nduta, walisomeshwa mtaala wa Burundi. Kwa hiyo vijana wawili waliorudi kutoka Tanzania wiki moja, wote wakisema Kiswahili, wangeweza kutaja "saba" mbili tofauti. Karani asiyeuliza "ulikuwa makazi au kambi?" hakuwa na njia ya kujua. Tangu 2013 shule ya msingi imegeuzwa kuwa ya miaka tisa, ECOFO, na saba zile mbili zimekaribiana. Walioumizwa na tofauti yake hawakurudishwa darasani.

Binamu yangu yuko Rumonge bado. Mchana anauza mawese, na jioni watoto wa majirani huja barazani kwake na daftari. Huwafundisha KKK, na neno hilo ndilo wanalolitumia watoto wenyewe: "Twende KKK kwa mama." Ana daftari lake ambalo amelipiga mstari katikati. Kushoto ameandika majina ya Tanzania, kulia ya Burundi: la 3 na 3e, UKIMWI na SIDA, UNHCR na HCR. Penye la 7 ameandika 6e, akaizungushia duara. Nilimwomba ruhusa ya kuunakili ukurasa huo kwa ajili ya darasa langu la uundaji wa maneno. Alikubali, ila akaniomba nimtafutie neno la kuweka mkabala na MEMKWA, maana upande wa kulia pameachwa wazi tangu aanze.