Reli Tatu za Dar na Swali la Watu wa Yombo

Najua nimepotea, si kwa kupenda. Wiki mbili hizi zilikuwa za majaribio na kazi za vikundi, mtu unakula saa kumi jioni unadhani ni mchana. Leo Jumamosi nimetulia, ngoja niwape stori iliyoninyima usingizi.

Ilianza na ubishi wa chumbani. Mwenzetu mmoja, mtu wa Kigoma, alirudi kutoka Dodoma na treni ya umeme anatamba kweli kweli. Saa tatu na ushee kashafika mjini! Akasema sasa na sisi tuna treni ya mwendokasi kama Wajapani. Jamaa wa uhandisi akamkatisha hapo hapo: "Acha hizo, mzee. Wajapani walikuwa wanakimbia 210 kwa saa tangu 1964. Yetu mwisho 160. Kimataifa reli mpya haiitwi ya mwendokasi mpaka ifike 250. Afrika wanaoweza kutamba ni Wamoroko, wanaenda 320 tangu 2018." Wa Kigoma akajibu kwamba reli ya Kenya ya 2017 inatumia dizeli na inaishia 120, kwa hiyo sisi bado wababe. Kelele mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Mwisho wakanigeukia mimi: "Wewe si mtu wa historia? Amua."

Basi nikaenda maktaba, pale East Africana, nikidhani nitarudi na jibu la kasi. Nikarudi na kitu kingine kabisa. Hivi mnajua kwamba Dar peke yake ina reli za vipimo vitatu? Ya kati, upana milimita 1,000. TAZARA, 1,067. SGR, 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Nilipofuatilia kwa nini, nikaona kila upana una mwenyewe aliyeuliza swali lake kabla ya kujenga.

Ya kwanza, Mjerumani. Alishaanza reli ya Tanga 1893, akaja kuanza ya kati hapa Dar mwaka 1905. Kumbukeni mwaka huo huo, Julai, Maji Maji ilianza kule Kusini, watu wakikataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Kilomita zaidi ya 1,200. Miezi michache baadaye vita kuu ikaanza, na Mjerumani hakuifaidi sana. Mwingereza akaichukua, akaongeza tawi la Mwanza, likakamilika 1928. Swali la hawa wote lilikuwa moja: mazao na askari wapite wapi? Walter Rodney, aliyefundisha hapa hapa Mlimani, alishaliandika hilo kwenye kitabu chake cha 1972: njia zote za mkoloni zilielekea baharini. Mtu kwenda kumsalimia shangazi yake haikuwa hesabu yao.

Ya pili, TAZARA, na hapa ndipo nilipokesha. Zambia ilikuwa na shaba lakini haina bahari, na njia yake ilipita kwa walowezi wa Rhodesia. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ikasema reli ya kuja Dar haina faida, bora barabara. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wake, Zambia ikabanwa. Mwaka 1966 washauri wa Maxwell Stamp, waliolipiwa na Uingereza na Canada, wakapima tena wakasema reli inawezekana. Jamani, nchi ile ile, shaba ile ile, majibu mawili! Pamoja na ripoti hiyo, hela za Magharibi hazikuja. Nyerere alikuwa ameshaenda Beijing Februari 1965. Makubaliano yakasainiwa Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Mkopo wa yuan milioni 988, bila riba. Upana 1,067 kwa sababu ndio wa reli za kusini mwa Afrika. Swali la Nyerere na Kaunda lilikuwa: tutapitaje bila kumpigia magoti kaburu na mlowezi?

Lakini tusidanganyane. Waliouliza "italipa?" hawakuwa wajinga. TAZARA ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, ikaja kubeba kidogo sana, hasa njia za kusini zilipofunguka baada ya ukombozi. Na iligharimu watu. Nendeni Gongo la Mboto mkaone makaburi ya wataalamu wa Kichina, zaidi ya 60 wamelala pale. Kwa hiyo swali la hela lina haki yake. Kosa ni kulifanya ndilo pekee.

Ya tatu ni hii ya ubishi wetu. Jiwe la msingi liliwekwa na Magufuli pale Pugu Aprili 2017, abiria wakaanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai. Swali lake: mizigo ya bandari iendeje haraka bara na kwa majirani? Swali zuri, sibishi.

Sasa mimi nyumbani kwetu ni Yombo. Yombo ya Temeke, sio ile ya vyumba vya mihadhara, msinicheke. Tangu mdogo nasikia honi ya treni ya TAZARA. Nikitoka likizo kuja chuo nabadilisha daladala Buguruni, nasimama mguu mmoja mpaka Ubungo. Wenzangu wa Tegeta na Bunju kule Kinondoni wana hadithi yao ya Barabara ya Bagamoyo. SGR ukitoka mjini kituo kinachofuata ni Pugu, halafu huyoo Soga.

Kati ya vipimo vyote vitatu, hakuna kilichoanza na swali la mtu wa Yombo. Aliyeliuliza kwa vitendo alikuwa Waziri Harrison Mwakyembe, Oktoba 2012, treni zilipoanza kubeba watu Ubungo Maziwa kwenda Stesheni, na TAZARA kwenda Mwakanga. Watu wakaziita "treni ya Mwakyembe". Hakujenga reli mpya, alitumia zile za Mjerumani na za Mchina. Mama yangu mpaka leo anaisimulia ile wiki ya kwanza, alivyofika kazini hajakanyagwa.

Kwa hiyo hukumu yangu chumbani ilikuwa hivi: wa uhandisi kashinda kwa tarakimu, ila wote wawili mmeuliza kasi wakati sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar. Kati yetu watatoka watakaoandika hizo ripoti za upembuzi yakinifu kesho. Siku hiyo ukikaa mezani, baada ya kuuliza tani ngapi, uliza na mama wa Yombo atapandia wapi.

Wa Kigoma akasema nimekwepa swali. Labda. Chai ya kesho bado ananidai.

Tuko pamoja.